Mashine Iliyokataa Dawa

Mtu akikiri kosa kabla hajaulizwa, Inspekta Nkandu humpa kwanza maji anywe. Wenzake kituoni humcheka kwa hilo, wanasema Mama Nkandu ameigeuza ofisi ya polisi kuwa mkahawa. Acha wacheke. Miaka yote aliyofanya upelelezi Lubumbashi, wauaji wa kweli aliowakamata walianza kwa kusema "siyui", si kwa kusema "ni miye".

Guelor alikunywa maji yote, kikombe kikigongana na meno yake. Alikuwa fundi wa vyombo vya hospitali, msomi wa chuo kikuu mwenye karakana yake Katuba, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo upande upande. Tangu walipomleta hakuwa amelirekebisha.

"Ni miye nilimuua mutoto, Mama Inspecteur. Andika tu, tumalize."

"Nitaandika. Lakini kwanza unieleze ulimuua namna gani."

Mtoto mwenyewe aliitwa Keren, kichanga ambaye hata ubatizo hakuusubiri. Alikufa alfajiri katika kituo kidogo cha afya kule Naviundu, mipira ya mashine ya oksijeni ikiwa bado puani. Ubavuni mwa mashine hiyo walikuta flashi ya Guelor, na lakiri ya kampuni imevunjwa. Mkurugenzi wa kampuni inayoingiza mashine hizo nchini, bwana Rigobert, alikuwa amefungua mashtaka siku hiyo hiyo. Sasa muda wa kumshikilia Guelor ulikuwa unaisha jioni. Nkandu asipopata jambo jipya, faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na kijana atakwenda gereza la Kasapa na ungamo lake mkononi.

"Ile mashini iko na ugonjwa," Guelor akaanza. "Courant ya umeme ikikatika halafu irudie, yenyewe inafikiri ingali moto. Inawasha taa verte, ya kijani, mara moja, na pumzi haiyafika. Infirmière mwenye zamu anaona verte, anamufunga mutoto ku mashini. Mutoto anavuta bure."

"Uliyuaje?"

"Programme yake iko wazi, Mama. Kila muntu anaweza kuisoma."

Alimweleza taratibu. Programu iliyomo ndani ya mashine ile ni programu huria: walioiandika waliiachia ulimwengu chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Guelor aliisoma, akaliona kosa, akaandika dawa yake.

"Kintu kidogo tu," alisema. "Courant ikirudia, taa ibakie jaune, ya njano, mpaka pumzi itoke ya kweli. Ni pale tu itageuka verte. Lakini mashini inaomba signature. Bila ufunguo wa siri wa bale banaitengeneza, inakatala programme ya muntu mwingine yote. Nilimuomba Monsieur Rigobert atie signature. Akakatala. Basi nikafikiri nimepata njia ya kupita pembeni. Nikaenda Naviundu, nikavunja lakiri, nikaingiza kaflash. Katikati ya kazi, courant ikakatika."

"Halafu?"

"Nikaacha kaflash mule. Nikasema, courant ikirudia itamaliza yenyewe. Nikamuambia Kiki, infirmière, asikatoshe mule ndani. Sikumuambia asitumie mashini." Akafunika uso. "Ilimaliza mubaya. Ni dawa yangu ilimuua."

"Uliona na macho yako kama ilimaliza?"

"Hapana. Lakini mutoto alikufwa."

Nkandu aliandika neno hilo moja, hapana, akaondoka na ufunguo wa gari.

Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja cha watoto, vitanda viwili na dirisha linalotazama mto. Rigobert alikuwa ameshafika, mtu mnene wa sauti ya chini, anafuta vumbi jekundu kwenye viatu kwa kitambaa cha karatasi. Alikuja kama mlalamikaji na kama mtaalamu, kofia mbili kichwa kimoja, na Nkandu alimwacha azivae zote mbili kwa sasa. Muuguzi Kiki alisimama karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, na kila walipoitaja mashine aligeuza uso.

"Kiki, mwanangu, courant ilirudia saa gani?"

"Ile saa bantu banaamuka kuenda misa ya asubui, Mama. Mutoto alikuwa anahema mubaya. Nikawasha mashini. Taa verte ikawaka, nikamufunga."

"Kabla ya verte, ilipita jaune?"

"Jaune?" Kiki alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kizani. "Hapana. Ilikuwa verte pale pale. Kama ningeona jaune, ningengojea. Mama, miye niliamini taa."

Rigobert alikuwa anasoma simu yake. Nkandu alitoa mkasi, akakata utepe wa polisi uliozungushwa kwenye mashine, akamwomba Kiki glasi ya maji. Flashi ya Guelor ilikuwa katika bahasha ya ushahidi mfukoni mwake, aliiacha huko kwanza.

Alizamisha mdomo wa mpira ndani ya glasi, akaiwasha mashine, akangoja mpaka maji yakatoa mapovu vizuri. Kisha akang'oa waya ukutani, akangoja kidogo, akauchomeka tena. Taa ya kijani iliwaka hapo hapo. Maji katika glasi yalitulia tuli, hayakutoa hata povu moja.

Kiki alikuwa ameanza kuisali Baba Yetu kwa kunong'ona, labda bila kujua. Alipofika "utupe leo mkate wetu" povu la kwanza lilipanda, dogo, peke yake. Mengine yalifuata akiwa amekwisha sema amina.

"Ndivyo ilivyofanya?" Nkandu aliuliza.

Kiki alitikisa kichwa kukubali, akatoka nje mbio. Walimsikia akilia ukutani.

"Sasa hii," Nkandu akasema, akatoa flashi. "Monsieur Rigobert, ni weye mutaalamu. Uiingize mwenyewe, na unisomee maneno yatakayotoka."

Rigobert aliivaa kofia yake ya utaalamu kwa kusitasita. Alichomeka flashi, akazima, akawasha. Kioo kidogo cha mashine kilitoa mstari wa maandishi ukakaa muda wa kupiga chafya, ukapotea.

"Sikusoma muzuri," akasema Rigobert.

"Rudia."

Akarudia. Safari hii alisoma, na sauti yake ilizidi kushuka. "Signature non reconnue. Ancienne version gardée."

"Kwa Kiswahili."

"Saini haitambuliki. Programu ya zamani imebaki."

Na taa ikawaka kijani, pale pale, haikupitia njano.

Nkandu aliketi kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Hakuwa na furaha ya mpelelezi aliyepata alichokitafuta. "Dawa ya Guelor ilikuwa ibakize taa jaune. Kiki hakuona jaune. Basi ile asubui mashini ilikuwa na programme yenu, Monsieur. Dawa haikuingia hata tone. Mashini ilikatala."

Rigobert alitoka nje bila kuaga. Nkandu alimkuta amesimama chini ya ukuta wa kituo, amekunja mikono, anatazama wanawake wanaofua mtoni.

"Kosa la taa uliliyua?" akamuuliza.

"Guelor aliniandikia. Nilituma maneno yake kule banatengeneza mashini. Balijibu itatengenezwa mu version inayokuya."

"Na ufunguo wa kutia signature uko nao hapa Lubumbashi."

"Niko nao. Lakini siko na ruhusa. Madame, usinione muntu mubaya. Tuliheshimu licence. Licence ya programme hii inasema tupatie bantu code, na code tuliwapatia, iko wazi, Guelor mwenyewe aliisoma. Kuko licence mupya inayosema ukiuza mashini utoe na ufunguo, ili mwenye kununua aingize programme aliyoitengeneza. Bale banatengeneza mashini balichagua ile ya zamani. Iko haki yabo."

"Ni kusema unamuuzia muntu nyumba, unamupatia na plan yake yote, anaona pahali paa linavuja. Lakini mulango unabakia umefunga weye."

"Ufikirie vizuri!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Rigobert ilipanda. "Ufunguo ukiachwa mu barabara, kila muntu mwenye kompyuta ataweka kintu chake mu mashini inayopumuisha batoto. Bengine bayue kazi, bengine basiyue. Kesho mutoto akufwe, nani atajibu?"

Mgala muue na haki yake mpe. Hoja ya Rigobert haikuwa ya mjinga, na Nkandu aliijua Lubumbashi vya kutosha kujua kwamba si kila fundi ni Guelor. Ila alikuwa ametoka kuyaona maji yale yaliyotulia.

"Mutoto amekwisha kufwa," akasema. "Nani anajibu?"

Rigobert alikitoa tena kile kitambaa chake, safari hii akafuta macho, na Nkandu akamwonea huruma bila kupenda.

"Stanislas aliniuliza vile vile," Rigobert akasema baadaye. "Associé wangu, mushirika mu kampuni. Tulikuwa tunabishana kila siku juu ya hii, hata mbele ya baclients. Yeye alikuwa anasema muntu akinunua mashini ananunua na haki ya kuiponyesha. Nilimuambia anaota. Guelor alikuwa mwanafunzi wake, alimufundisha kila kintu. Mwisho Stanislas aliniambia wazi: ufunguo wa pili uko kwangu, nitamupatia Guelor, na weye unifunge. Malaria ikamubeba kabla ya kumupatia."

"Ufunguo wa pili?"

"Twiko nazo mbili, kama moja ingepotea. Kakintu kadogo tu, kama kaflash."

"Na uko wapi?"

"Mu bintu byake, kwa mujane, Kampemba. Nani atakagusa? Kilio hakiyatoka." Akageuka kumtazama. "Madame, hawakukuambia? Ule mutoto Keren ni mujukuu wa Stanislas. Mwana wa binti yake, Bénie."

Nkandu alirudi kituoni taratibu, akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kichwani alikuwa anapitia sheria, kifungu kwa kifungu, akitafuta mahali pa kumweka Rigobert. Pengine uzembe. Mwanasheria wa kampuni ataleta leseni, atamsomea hakimu, na kila neno la leseni litakuwa kweli. Ataandika yote hata hivyo, na glasi ya maji ataiandika, hakimu aamue. Bali Guelor alikuwa na kosa la kuvunja lakiri tu, na kwa hilo hakuna anayelala Kasapa.

Alimfungulia mwenyewe mlango wa mahabusu.

"Njoo, mwanangu. Siyo weye. Dawa yako haikuingia."

"Namna gani haikuingia?"

"Mashini ilikatala. Nimeona na macho yangu. Ni Rigobert alinisomea maandiko."

Nkandu amewafungulia wengi, na anajua uso wa mtu anayeambiwa kwamba hana hatia. Uso wa Guelor haukuwa huo. Aliegemea ukuta, akateleza polepole mpaka chini.

"Ilikatala," akasema. "Basi kama ningekuwa na ufunguo, taa ingebakia jaune. Kiki angengojea. Mutoto angekuwa muzima."

Nkandu aliona kulikana hilo ni uongo, kulikubali ni kumuua. Akampa mkono, akamwinua, akamfungua vifungo vya shati na kumfungia upya kama anavyofungiwa mtoto wa shule.

"Ninaenda kwa Mama Wivine, kwa ule mujane," akamwambia. "Ninatafuta ufunguo wa Stanislas, ni ushahidi. Ukitaka kubakia, bakia."

"Unipeleke," Guelor akasema. "Nilikuwa ninaogopa kuenda kumulilia mutoto niliyemuua. Sasa nitaenda."

Katika uwanja wa Mama Wivine, Kampemba, turubai la msiba wa mume lilikuwa limetandikwa tena kwa msiba wa mjukuu. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, na wimbo wa kanisani uliimbwa kwa sauti za watu waliochoka. Mama Wivine alikuwa bado na kitambaa cheusi cha ujane kichwani. Kwa watu wa huko kwao kaskazini ya Katanga, mpaka kilio kiondolewe na ukoo ukutane, vitu vya marehemu havifunguliwi, havigawiwi, havitajwi. Mgeni anayekuja kilioni huleta kuni, unga na machozi yake. Akiomba kitu cha marehemu, ni sawa na kusema amekuja kurithi, na aibu hiyo humfuata mpaka kaburi lake mwenyewe.

Minong'ono ilipita mkekani Guelor alipoingia. Kijana mmoja aliinuka na ngumi zake. Nkandu alisimama katikati, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba polisi wameipima mashine, na Guelor hakumuua mtoto. Kisha akapiga magoti mbele ya mjane, kama inavyompasa hata mwenye cheo, akamweleza yote kwa sauti ya chini: taa, maji, saini, na kile kitu kidogo kilichomo katika vitu vya mumewe.

Mama Wivine alisikiliza bila kukatiza. Nkandu alipomaliza, mjane hakumtazama yeye, alimtazama Guelor.

"Ni kale kakintu kenye kamba ya blue?"

"Ni kenyewe, Mama," Guelor akajibu.

"Stanis aliniambia mu kitanda, mbele ya kufwa. Guelor atakuya kuomba kakintu kenye kamba ya blue, umupatie. Nikakatosha mu sakosi yake, kale kamufuko kake ka kazi, kabla bakubwa ba ukoo bafunge chumba. Nikakaweka." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ingekuwa nafuu. "Nikakungojea. Ulikuya. Siku zote za kilio uliikala pale, ku kiti kile, ulipasua na kuni. Haukuomba."

"Mama, ilikuwa kilio. Ningeomba kintu cha marehemu namna gani, na weye unalia?"

"Nikasema labda amesahau. Nikasema labda hakahitaji tena. Na miye mujane, ningekuita namna gani nikupatie kintu cha bwana yangu mbele ya bantu, ukoo haiyakutana? Bangesema nini?" Akatikisa kichwa. "Nikasema nitangojea batoshe kilio."

"Na miye nilisema nitangojea batoshe kilio," Guelor akasema.

Wimbo ulikuwa umekoma. Bénie, mama wa mtoto, alikuwa ameketi nyuma ya mama yake, maziwa yakimvuja na kulowesha nguo, na alikuwa amesikia kila neno. Inspekta Nkandu aliyewahi kuona maiti za kila namna alishindwa kumtazama. Watu wawili waliokuwa wanapendana kama mama na mwana, wamekaa pamoja chini ya turubai moja, kila mmoja akimheshimu mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyekosea adabu.

Mama Wivine aliingiza mkono kifuani, ndani ya kitenge, akatoa kifaa chenye kamba ya buluu. Kilikuwa na joto la mwili wake. Wazee wa ukoo waliokuwa kwenye viti walikohoa. Mmoja alianza kuinuka.

"Baba Kunda, ikala," mjane akamwambia bila kugeuka, na mzee akaketi.

Alikishika kile kifaa, hakukitoa bado. Nkandu alikuwa na bahasha ya ushahidi katika mkoba, imekwisha andikwa namba ya faili. Kule Naviundu Kiki alikuwa zamu, na mashine ilikuwa ni ile ile moja, na umeme wa jioni ungekatika kama unavyokatika. Aliufunga mkoba wake, bahasha ikiwa bado tupu ndani.

Guelor alipiga magoti kwenye mkeka, kati ya wanawake, akakutanisha viganja vyake na kuviweka mbele.

"Mama," akasema, na machozi yakamkata sauti, ikabidi aanze tena. "Mama, ninakuomba kile kintu cha Baba Stanislas."

"Ni vile," Mama Wivine akasema. "Ilikuwa kuomba vile tu."

Akakiweka viganjani mwake, akaifunga mikono ya kijana kwa mikono yake miwili, na hapo ndipo alipoanza kumlilia mjukuu wake kwa sauti.